Masale na Waya: Je, Kuna Kuwinda kwa Haki?

Masomo ya kusindikiza tafakari: Kum 22:6-7, Law 17:13, 2 Sam 12:1-7, Mit 12:10



Leo tafakari yetu inaingia porini. Najua wapo watakaouliza: jamani, kuwinda na sala vinahusiana nini? Sisi wa Uru tuna kahawa na migomba, ng'ombe wetu wako bandani, na msitu uko juu huko chini ya Hifadhi. Lakini subiri kidogo. Hebu hesabu vijana wa Uru, Kibosho na Old Moshi wanaokula kutokana na mlima na wanyama: wapagazi, waongozaji, madereva wa watalii, wapishi wa kambi. Chuo cha Mweka, kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963, ni jirani yetu kabisa. Wapo waliotoka huku wakaenda kufanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji. Na tuseme ukweli, wapo pia wanaopanda msituni usiku na waya mfukoni.

Kwa hiyo swali hili ni letu. Je, ni haki kumuua mnyama asiye na nafasi ya kuponyoka? Na akiwa na nafasi hiyo, je, hilo peke yake linatosha kumfanya mwindaji awe safi mbele za Mungu?

Kisa cha upande wa pili wa mlima

Tuanze karibu. Kaskazini-magharibi mwa Kilimanjaro, wilaya ya Longido, kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet. Tembo hupita huko, kwenye njia yao ya Kitendeni, kati ya msitu wa mlima wetu na mbuga ya Amboseli iliyoko Kenya. Tembo hana pasipoti. Asubuhi ni Mkenya, jioni ni Mtanzania.

Sheria za nchi mbili hazifanani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni. Huko Amboseli, mtafiti Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia tembo tangu 1972, na wanawajua mmoja mmoja kwa jina na kwa ukoo. Mwaka 1994 madume kadhaa wa Amboseli walipigwa risasi upande wetu. Kelele zikawa nyingi, na baada ya hapo kukawa na maelewano kwamba karibu na mpaka huo wasiwindwe. Maelewano hayo yalidumu takriban miaka 30. Kisha, kati ya miezi ya mwisho ya 2023 na 2024, madume watano waliripotiwa kuuawa eneo hilo, baadhi yao wakiwa na pembe ndefu sana za aina ambayo sasa ni adimu Afrika nzima.

Hoja zikaanza. Waliotetea walisema: kitalu ni halali, leseni ni halali, tembo alikuwa ardhi ya Tanzania, na fedha zinasaidia vijiji. Waliopinga walijibu: tembo hawa wamezoea magari ya watalii tangu wakiwa ndama. Wamejifunza kwamba gari likisimama na watu wakawaangalia, hakuna baya. Mtu mwenye bunduki akimkaribia mnyama kama huyo, anawinda kweli, au anamfuata rafiki wa watu mlangoni kwake?

Mlima huu una historia ya pembe. Pembe mbili nzito kuliko zote zinazojulikana duniani zilitoka kwa tembo aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898. Kila moja ilizidi kilo 100, na leo ziko kwenye jumba la makumbusho London. Tembo wa namna hiyo hatunao tena. Waliobaki na pembe kubwa ni wachache, na ndiyo maana watano tu walitosha kuzua mgogoro wa nchi mbili.

Wawindaji wenyewe hawakubaliani

Wengi tunadhani mgogoro huu ni kati ya wanaopenda wanyama na wanaowaua. Sivyo. Mgogoro mkali zaidi uko ndani ya wawindaji wenyewe.

Huko Marekani, mwaka 1887, Theodore Roosevelt na wenzake walianzisha klabu ya wawindaji iitwayo Boone and Crockett. Klabu hiyo ndiyo iliyolipa nguvu wazo la kuwinda kwa haki: mnyama awe wa porini na awe huru, na mwindaji asitumie njia inayomnyima kabisa nafasi ya kuponyoka. Mwaka 1902 Roosevelt, akiwa rais, alikwenda kuwinda dubu Mississippi. Siku zikapita bila kupata. Wenzake wakamkamata dubu mmoja aliyeumizwa na mbwa, wakamfunga kwenye mti, wakamwita rais apige. Akakataa. Akasema si haki kumpiga mnyama aliyefungwa. Habari ikaenea, na kutokana nayo wakatengenezwa wale midoli wa dubu ambao watoto duniani kote hulala nao.

Ila kuna kipande cha kisa ambacho hakisimuliwi sana. Dubu yule hakuachiwa. Alikuwa ameumia vibaya, na Roosevelt akaagiza amaliziwe ili asiteseke. Akauawa kwa kisu. Sasa jiulize: kukataa kwa rais kulimsaidia nani? Heshima ya mwindaji ilibaki safi. Dubu alikufa vilevile.

Nakiweka kisa hiki mbele yenu kwa sababu kinaonyesha udhaifu wa hoja yenyewe. Kuwinda kwa haki kunaweza kugeuka kuwa kioo tu cha mwindaji kujitazama: mimi ni mwanaume, sikumpiga aliyefungwa. Roosevelt huyohuyo alikuja Afrika Mashariki mwaka 1909, na yeye na mwanawe Kermit wakaua mamia ya wanyama wakubwa, wakipeleka ngozi na mifupa kwenye makumbusho. Hawakufungwa wale. Lakini mamia!

Ugomvi wa uzio ukaendelea. Marekani kuna mashamba ya kulungu yenye uzio mrefu. Kulungu hulishwa mpaka wawe na pembe kubwa, kisha mteja hulipa, huingia, hupiga. Wawindaji wengine husema: ni mali ya mtu, shamba ni lake. Wengine husema: huo si uwindaji, msiuite hivyo. Mwaka 2000 wapiga kura wa jimbo la Montana, jimbo la wawindaji hasa, walipitisha sheria ya kukataza watu kulipa ili wawapige wanyama waliofugwa mashambani. Afrika Kusini ugomvi ulikuwa juu ya simba wa kufugwa: watoto wa simba hutenganishwa na mama zao, watalii huwabeba na kupiga nao picha, wakikua hupigwa risasi ndani ya uzio. Mwaka 2015 chama cha wawindaji bingwa wa nchi hiyo kilipiga kura kujitenga na jambo hilo. Mwaka 2017 kikabadili msimamo, na baadhi ya wanachama wakajitoa. Mwaka 2021 serikali yao ikatangaza nia ya kuufunga ufugaji huo wa simba.

Sisi huku, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, mashimo, mitego, taa za usiku, uzio, na kwa kutumia gari. Kwa hiyo wazo hili la haki kwa mnyama si maneno ya Wazungu tu, limo kwenye sheria yetu. Lakini miaka ya karibuni nchi yetu pia imefungua milango ya mashamba ya wanyamapori na mabucha ya nyamapori. Uzio unakuja nyumbani. Ni vizuri tufikiri kabla haujafika.

Swali la mbuzi wa bibi

Sasa kijana mmoja makini wa Kishumundu au Materuni atainua mkono. Atasema: "Ndugu, mbona mnamlaumu mwenye simba wa uzio? Mbuzi wa bibi yangu yuko bandani tangu azaliwe. Kila siku tunamletea majani na migomba. Siku ya Krismasi anachinjwa. Alipewa nafasi gani ya kukimbia? Huyo simba angalau alikuwa na eka kadhaa!"

Swali hili ni zuri mno, na wengi hulikwepa. Tusilikwepe. Kama dhambi iko kwenye uzio, basi Uru nzima tuko dhambini, maana huku mifugo hufungiwa ndani.

Jibu langu ni kwamba dhambi haiko kwenye uzio wenyewe. Angalia kinachotokea mbuzi anapochinjwa. Kwanza kuna haja: watu watakula. Pili kuna kiasi: anachinjwa mmoja, kwa kisu kikali, haraka, na kila mtu ana fungu lake, mzee analijua lake, shangazi analijua lake, jirani naye hasahauliwi. Tatu kuna ukweli: hakuna anayejidai kwamba amempigania. Hebu mfikirie mjomba anayemtoa mbuzi bandani, anamfunga kwenye mgomba, anarudi hatua ishirini, anampiga risasi, halafu anaweka mguu juu yake apigwe picha ya shujaa. Ukoo mzima ungecheka, na wazee wangemshika pembeni wamuulize kama ana akili timamu. Mbuzi angekuwa amekufa kama wa mwaka jana. Tofauti ni kwamba kifo chake kimegeuzwa uongo.

Basi chukueni vipimo hivi vitatu: haja, kiasi na ukweli. Mbuzi wa bibi anavipita vyote. Simba wa uzio anaanguka kwenye haja, maana haliwi, na anaanguka vibaya kwenye ukweli, maana picha itakayopelekwa ukutani itasema "nilimshinda simba" wakati simba huyo alinyonyeshwa chupa na watu.

Na ndugu yetu wa waya mfukoni? Yeye pengine ana haja ya kweli. Njaa si utani. Lakini waya hauna kiasi. Umeutega kwa ajili ya funo, unamnasa minde, swala adimu ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania. Unanasa mama mwenye mimba na mtoto bila kuchagua. Na wewe ukichelewa kurudi siku tatu, yeye anakatika mguu siku tatu. Tusiwanyoshee kidole matajiri wa mbali tu huku tukiufumbia macho waya wa jirani yetu.

Biblia inamfunga mwindaji

Baada ya gharika Mungu anawapa watu ruhusa ya kula nyama, na hapohapo anaweka mpaka: damu msile, kwa kuwa uhai ni wake (Mwa 9:3-4). Katika Walawi 17:13 mpaka huo unamfikia mwindaji mwenyewe. Akimpata mnyama au ndege anayeliwa, sharti aimwage damu yake na kuifunika kwa udongo. Mwazie mtu yule yuko peke yake porini, hakuna kuhani, hakuna shahidi, ana njaa, nyama iko mbele yake. Anatakiwa ainame kwanza, afukue udongo, afunike. Ni kama kuzika kidogo. Kabla ya kula, akiri kwamba ameushika uhai usio wake.

Lakini andiko linalonigusa zaidi ni Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ukikuta kiota, na mama amelalia makinda au mayai, usimchukue mama pamoja na watoto. Chukua watoto ukitaka, mama mwache aende. Kwa nini mama? Fikiria ndege wa porini. Siku nyingine yoyote, ukinyoosha mkono ameshapaa. Siku hiyo unaweza kumshika kirahisi, kwa sababu moja tu: anawapenda watoto wake na hataki kuwaacha. Upendo wake ndio uliomfanya awe rahisi kukamatika. Na Torati inasema: hapo, ewe mwenye mkono, mkono wako uzuie. Usiufanye wema wa kiumbe kuwa mtego wake.

Sasa rudi Enduimet. Tembo wa Amboseli alikuwa rahisi kwa nini? Si kwa sababu ya waya. Ni kwa sababu binadamu, kwa miaka mingi, walimfundisha kutowaogopa. Kutokuogopa huko kulijengwa na watu, na kukatumiwa na watu wengine. Naam, leseni ilikuwepo. Lakini kuna uzio usioonekana: unaujenga kwa imani ya mnyama, kisha unaufunga. Kwangu mimi, huo ni mzito kuliko wa chuma.

Msinielewe vibaya. Tembo si mtu, na kumuua si sawa na kumuua mtu. Nabii Natani alipomwendea mfalme Daudi, alimsimulia juu ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemchukua kondoo mmoja wa maskini, yule aliyelelewa nyumbani kama mtoto. Daudi aliwaka hasira kwa ajili ya kondoo, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Hasira yake ilikuwa ya haki, ila kondoo alikuwa dirisha la kumwonyesha alichomfanyia Uria. Ndivyo ilivyo kwa wanyama: namna tunavyomtendea asiyeweza kutushtaki inafunua namna tutakavyomtendea mtu asiyeweza kutushtaki. Dada wa kazi za ndani anayekuamini. Mtoto anayekuita kaka. Binti anayekupenda kweli, na wewe unajua kwamba kwa sababu anakupenda hatakukatalia. Mnaona tulikofika? Kutumia imani ya mtu kama kamba ya kumfungia ni dhambi ya zamani sana. Bwana wetu mwenyewe alisalitiwa kwa busu, bustanini, mahali ambapo Yuda alipajua kwa sababu walizoea kwenda pamoja.

Sikilizeni na upande wa pili

Haki inataka tuwasikilize pia wanaoona tofauti. Mama wa Longido aliyeamka akakuta shamba lake la mahindi limekanyagwa usiku mmoja, halafu anasikia watu wa mbali wanamlilia tembo kwa jina, ana haki ya kuuliza: na mimi jina langu wanalijua? Katekisimu ya Kanisa Katoliki inagusa pande zote mbili. Inaruhusu kutumia wanyama kwa chakula na mavazi (na. 2417). Inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe, na papo hapo inaonya kwamba si sawa kuwatumilia wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu (na. 2418). Papa Fransisko aliukumbusha ulimwengu fundisho hilo la kutowatesa wanyama katika Laudato Si', mwaka 2015.

Tena, kupiga marufuku peke yake hakuokoi wanyama. Uchunguzi uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977, mwaka uleule wa marufuku. Na kuruhusu peke yake hakuokoi pia. Tanzania yenye vitalu halali ilihesabu tembo kama 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 wakabaki kama 43,000 kwa sababu ya ujangili. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba takwimu zitakufanyia kazi ya dhamiri. Takwimu zitakuambia wangapi wamebaki. Hazitakuambia wewe ni mtu wa namna gani.

Wapo watakaosema: dume mzee amekwishazaa, hana kazi tena. Watafiti wa Amboseli wamekuta kinyume: madume wakubwa, wenye miaka 40 na zaidi, ndio wanaozaa zaidi, na majike huwachagua hao. Hata hapo tunajifunza unyenyekevu. Tunasema "hana faida tena" upesi mno, kwa tembo na kwa wazee wetu.

Masale

Kwetu hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Angalia mpaka wa kihamba. Babu zetu hawakuweka ukuta wala waya. Walipanda masale. Isale halizuii mtu. Mtoto wa miaka mitano anapita katikati. Mwizi akitaka anaruka. Lakini mtu mwenye adabu akifika hapo mguu wake unasimama wenyewe, kwa sababu anajua: hapa ni pa mwingine. Na jani hilohilo ndilo mtu hulishika anapokwenda kuomba msamaha.

Hapo ndipo ilipo tofauti yote. Waya unamfunga mnyama. Masale yanamfunga mwenye nguvu. Waya unasema: wewe dhaifu hutatoka. Masale yanasema: wewe mwenye nguvu hutavuka. Kuwinda kwa haki, kukieleweka vizuri, ni kupanda masale ndani ya moyo wa mwenye bunduki. Si mchezo wa kumpa mnyama bahati nasibu ili mwindaji ajisikie shujaa, bali ni mwenye uwezo kukubali kwamba uwezo wake una mwisho, hata pale ambapo hakuna askari, hakuna kamera, na aliyeko mbele yake hawezi kwenda polisi. Kukipungua haja na kiasi, haki hiyo ya mbio haitoshi. Unaweza kumfuata mnyama kwa miguu siku kumi, kwa haki yote, na bado ukawa umeua kwa ajili ya sifa tu. Roosevelt alikuwa na masale kwenye mti wa dubu, lakini sijui kama aliyapanda kwenye idadi.

Na Mungu wetu ndivyo alivyo. Mwenye nguvu zote alijishusha (Flp 2:6-8). Hakutumia uwezo wake wote juu yetu. Kama Yeye angetuwinda kwa nguvu zake zote, nani angepona? Anabisha hodi, anasubiri. Hata imani yetu haichukui kwa mtego.

Kwa wewe uliyeko kazini

Mwisho, neno kwa kijana aliyeajiriwa porini. Siku moja itakuja. Mteja amelipa fedha nyingi, kesho anaondoka, na hajapata alichokuja kutafuta. Anasema tumpige tukiwa ndani ya gari, nani ataona? Bosi yuko kimya. Mwindaji bingwa anaangalia pembeni. Wewe ndiye unayejua nyayo zimeelekea wapi. Wewe ndiye macho yao.

Usingoje siku hiyo ndipo uanze kutafuta dhamiri. Ijue sheria leo, kifungu kwa kifungu, ili siku hiyo useme kwa heshima tu: "Samahani bosi, hii sheria inakataza, na leseni yetu wote itaondoka." Mara nyingi neno moja tulivu linawapa wengine ujasiri waliokuwa wanautafuta. Mnyama akijeruhiwa, sisitiza afuatiliwe mpaka mwisho, hata kama jua linazama na mteja amechoka. Zab 42 inayoimbwa kwenye Mkesha wa Pasaka inamtaja ayala mwenye kiu atafutaye maji. Basi ukimkuta mnyama kisimani ameinama anakunywa, kumbuka kwamba roho yako nayo iko hivyohivyo mbele za Mungu. Na ukiona kazi hiyo haiwezekani kufanywa bila uongo, ujue kwamba wapo waliopoteza mshahara wakabaki na usingizi. Usione haya kuileta habari hiyo kwenye jumuiya. Ndugu wakae nawe, watafute nawe kazi nyingine. Hatuwezi kumwambia kijana acha, halafu tukamwacha na njaa.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika vipimo vya haja, kiasi na ukweli, mimi naanguka kwenye kipi zaidi, si kwa wanyama tu, hata kwa watu?
2. Kuna mtu ambaye ni rahisi kwangu kumwonea kwa sababu tu ananiamini? Isale langu mbele yake liko wapi?
3. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini kwa kijana anayetega waya kwa sababu ya njaa?

Tusali

Ee Mungu Muumba wetu, uhai wote ni wako, wa mtu na wa mnyama. Umetupa mikono yenye nguvu. Utupe na moyo unaojua pa kuizuia. Pale tulipoutumia wema wa mwingine kuwa mtego, tunakuja mbele zako na jani la isale mkononi: utusamehe. Uwabariki wakulima wanaopata hasara, walinzi wa hifadhi, na vijana wote wanaotafuta riziki mlimani na porini. Utufundishe kuwa wakweli pale ambapo hakuna anayetuona ila Wewe. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Huberto, msimamizi wa wawindaji, utuombee. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.